Usimng'ang'anie Pepo Wako: Mwongozo wa Kucheza Shin Megami Tensei

Wengi wanaoanza kucheza Shin Megami Tensei huzidiwa mapema sana, na karibu wote huzidiwa kwa sababu ileile. Wametoka kwenye gemu nyingine za Kijapani ambamo mchezaji hupewa wenzake watatu au wanne, huwalea tangu wakiwa dhaifu, huwapandisha levo na kuwanunulia panga na ngao, na walewale alioanza nao ndio anaomaliza nao. Wanaingia kwenye mfululizo huu na tabia hiyohiyo. Wanampata pepo mmoja wa kuvutia saa ya kwanza, wanampenda, wanamtembeza kila mahali, na wanapokutana na bosi wa kwanza aliyepangwa vizuri wanafutwa bila kuelewa kilichotokea. Hoja ya mwongozo huu ni moja, na kila ushauri utakaousoma hapa umetokana nayo: katika gemu hizi pambano huamuliwa kabla halijaanza, pale unapounganisha mapepo ili kumpata mpya, na anayeng'ang'ania kikosi cha jana ndiye anayepigwa leo. Ukilikubali hilo mapema, mfululizo huu unaosifika kwa ukatili utauona una haki kuliko gemu nyingi unazozijua.

Jambo hili lipo tangu mwanzo wa mfululizo wenyewe. Mwaka 1986 mwandishi Aya Nishitani alitoa riwaya kuhusu mwanafunzi wa sekondari, Akemi Nakajima, anayetunga programu ya kompyuta ya kuwaita mapepo, akamwita Loki, kisha akashindwa kumdhibiti. Mwaka uliofuata kampuni ya Atlus iliigeuza riwaya hiyo kuwa gemu ya mashine ya Famicom, ikatolewa na Namco, na tayari humo mchezaji aliweza kuzungumza na mapepo, kuwaingiza kikosini na kuwaunganisha wawili wakawa mmoja. Hiyo ni miaka tisa kabla ya Pokémon ya kwanza. Mwaka 1992 ikaja Shin Megami Tensei yenyewe kwenye Super Famicom, na michoro ya Kazuma Kaneko ikawapa mapepo sura ambazo bado zinatumika leo. Zikafuata ya pili mwaka 1994, ya tatu, maarufu kwa jina la Nocturne, mwaka 2003, ya nne mwaka 2013 na ya tano mwaka 2021, pamoja na matawi kama Persona, Digital Devil Saga na Devil Survivor. Namba hizo zisikutishe: Nocturne, ya nne na ya tano kila moja ina dunia yake na hadithi yake, na huhitaji kuanza mwanzo. Kinachopita kutoka gemu moja hadi nyingine ni mapepo na kanuni ya kuwaunganisha.

Kwa nini kuunganisha kuwe na uzito kuliko kupigana? Jibu limo kwenye hesabu ya zamu, ambayo tangu Nocturne ndiyo moyo wa matoleo makuu. Kikosi kina watu wanne, yaani mhusika wako na mapepo watatu, na kila mmoja anakuletea alama moja ya zamu juu ya skrini. Pigo la kawaida linakula alama nzima. Lakini ukimpiga adui kwa kitu anachokiogopa, tuseme moto kwa pepo wa barafu, au ukipata pigo zito la bahati, unatumia nusu ya alama tu, na nusu iliyobaki inamweka mwenzako wa pili kazini. Hivyo alama nne zinaweza kukupa matendo manane. Upande wa pili ni mchungu. Ukikosa shabaha, au ukimpiga adui kwa kitu kisichomwingia kabisa, unapoteza alama mbili. Ukimpiga kwa kitu anachokirudisha au kukifyonza, zamu yako yote imekwisha, hata kama watatu walikuwa bado hawajafanya kitu. Na adui anafuata kanuni hizohizo bila upendeleo. Pepo mmoja tu kwenye kikosi chako akiwa na udhaifu ambao adui anaujua, adui anajipatia matendo ya ziada kupitia kwake na kuwamaliza hata wale wenye ngao. Kamba hukatikia pabovu, na humu adui hupatafuta pale pabovu kwa makusudi.

Fikiria maana yake. Ustadi wa vidole hauhesabiwi, kwa sababu mchezo ni wa zamu na unakusubiri ufikiri. Levo zinahesabiwa kwa kiasi. Kinachoamua kama utapata matendo manane au mawili ni nani yuko kikosini: ana uchawi gani, na anaogopa nini. Mambo hayo mawili huwezi kuyabadilisha pambano likishaanza, zaidi ya kumwita mmoja wa mapepo wa akiba, na kumwita kwenyewe kunakula zamu. Yote mawili unayapanga ukiwa umetulia kwenye chumba cha kuunganishia. Ndiyo maana nasema pambano huamuliwa kabla.

Kabla sijafika kwenye kuunganisha kwenyewe, shika mambo machache ya kufanya ukiwa vitani, maana kikosi bora kikichezwa ovyo nacho hufa. Unapokutana na kundi la maadui usiowajua, usitupe uchawi unaowapiga wote kwa pamoja. Jibu baya kuliko yote ndilo linalohesabiwa: wawili wakiwa dhaifu kwa umeme na mmoja akiwa anaurudisha, utaadhibiwa kwa ajili ya yule mmoja. Jaribu kwa mmojammoja kwanza, gemu itakukumbukia matokeo, na ya tano inakuonyesha alama ya udhaifu ulioujua tayari unapochagua uchawi. Jifunze pia kupisha zamu. Pepo asiye na la maana la kufanya akimpisha mwenzake, alama nzima inageuka kuwa nusu, yaani hujapoteza kitu kikubwa. Lakini ukipisha wakati alama iliyopo imeshakuwa nusu, umeitupa. Halafu zichukulie kwa uzito zile mbinu za kichawi za kuongeza na kupunguza nguvu: Tarukaja na Rakukaja za kupandisha mashambulizi na ulinzi wa upande wako, Tarunda, Rakunda na Sukunda za kumshusha adui. Katika gemu nyingine za aina hii watu huziruka kwa kuwa hazitoi damu. Humu ndizo zinazotenganisha ushindi na kifo mbele ya karibu kila bosi. Katika Nocturne hudumu pambano zima na unaweza kuzirundika mara nne. Katika ya tano zinarundikana mara mbili na kuisha baada ya zamu tatu, hivyo itakubidi uhesabu.

Mfano unaoonyesha yote haya kwa pamoja ni Matador wa Nocturne. Ni mifupa mitupu iliyovaa nguo za wapigana na mafahali wa Kihispania, upanga mkono mmoja na kitambaa chekundu mkono wa pili, na hukuzuia njia ukiwa bado mgeni katika Tokyo iliyogeuzwa nje ndani. Mapema katika pambano anafanya kitu kinachoitwa Red Capote, nacho kinapandisha wepesi wake wa kukwepa hadi juu kabisa. Tangu hapo kila pigo lako linaweza kupita hewani, na kila linalopita hewani linakula alama mbili: ukikosa mara mbili tu, zamu yako imekwisha. Kisha anajibu kwa Mazan, upepo unaopiga kikosi kizima, na ukiwa na pepo hata mmoja anayeogopa upepo amejiongezea matendo. Mchezaji aliyefika hapo na mapepo wake wa mwanzo, hata awe amewapandisha levo kiasi gani, hufa ndani ya zamu mbili tatu na kusema gemu haina haki. Lakini tazama Matador anadai nini hasa. Anadai kikosi kisichoogopa upepo, na mtu mmoja au wawili wenye Sukunda ya kumrudisha chini kila anapopanda. Basi. Hayo yote yanapatikana kabla yake: mapepo wanaohimili upepo wanaungika kwa levo uliyo nayo wakati huo, na mhusika wako anaweza kuvaa kito cha magatama kiitwacho Hifumi kinachomkinga na upepo. Mchezaji aliyekufa mara moja, akarudi, akavunja kikosi chake na kukijenga upya kwa ajili ya adui huyu mmoja, humshinda bila kuongeza levo hata moja. Sijui bosi mwingine wa gemu za zamu anayefundisha somo lake kwa ukamilifu hivyo, na nadhani amewekwa mapema kwa makusudi ili mchezaji abadilike au aache.

Sasa tuje kwenye kuunganisha. Kila pepo ana ukoo wake: kuna koo za malaika, za malaika walioanguka, za miungu, za majitu, za vibwengo, na kadhalika. Ukiunganisha wawili, koo zao mbili ndizo zinazoamua ukoo wa atakayezaliwa, na wastani wa levo zao ndio unaoamua ni nani ndani ya ukoo huo. Hapa pana jambo ambalo wachezaji wengi hulijua wakiwa wamechelewa: hesabu inatumia levo ya asili ya kila pepo, ile aliyopangiwa na watengenezaji, si ile uliyomfikisha wewe kwa jasho. Kumpandisha pepo levo sita zaidi hakukupi mtoto mkubwa zaidi. Kinachobadilika ni kwamba anajifunza uchawi uliobaki kwenye orodha yake, na uchawi huo anaweza kumrithisha anayefuata. Kwa hiyo kila pepo ana muda wake wa manufaa. Ana orodha fupi ya vitu vya kujifunza, na akishamaliza cha mwisho hana jipya la kukupa. Tena mapepo hupanda levo polepole kuliko mhusika wako, hivyo kadiri unavyomshikilia ndivyo anavyozidi kuachwa nyuma. Siku anapojifunza uchawi wake wa mwisho ndiyo siku ya kumuunganisha.

Urithi ndio sehemu tamu ya kazi hii, na hapo ndipo ukae kwa muda mrefu. Pepo mpya anazaliwa na uchawi wake mwenyewe pamoja na baadhi ya uchawi wa wazazi. Katika Nocturne ya mwanzo kilichorithiwa kilipangwa kwa bahati nasibu, na watu walikaa wakiingia na kutoka kwenye orodha mara nyingi hadi wapate mpango wanaoutaka; toleo lililosafishwa upya la mwaka 2020 liliondoa adha hiyo kwa kukuruhusu uchague, na la tano nalo linakuruhusu. Unapochagua, usimrundikie pepo uchawi wa namna moja. Lenga kumrithisha kile kinachofunika upungufu wa kikosi: tiba ikiwa mganga wako anakaribia kuondoka, Sukunda ikiwa hakuna mwingine mwenye nayo, umeme ikiwa kikosi kizima kina moto na barafu tu. Na usiogope kufuata asili ya hadithi. Watengenezaji wamezisoma ngano wanazozitumia, na mara nyingi udhaifu wa pepo unaweza kuubuni kwa kujua ametoka wapi: Jack Frost, yule mwanasesere wa theluji aliye nembo ya Atlus, hadhuriki kwa barafu na anaogopa moto. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Shiva. Katika Nocturne na katika ya tano anapatikana kwa kuwaunganisha Barong na Rangda, wapinzani wawili wa ngano za Bali ambao vita yao haina mshindi. Mtu aliyebuni hivyo alikuwa anafikiri kuhusu miungu, si kuhusu namba peke yake, na ukicheza kwa haraka utapita bila kuliona.

Mipaka iko miwili. Huwezi kuunganisha ukapata pepo mwenye levo inayozidi yako, na mapepo walio wengi mno huishia kujaza nafasi. La pili lina dawa yake: kitabu cha kumbukumbu ya mapepo. Kila pepo unayempata anaandikwa humo, unaweza kumsajili upya akiwa na uchawi mpya aliojifunza, na baadaye ukamwita tena kwa kulipa macca, yaani fedha ya gemu. Sajili kila pepo kabla hujamuunganisha. Iwe mazoea. Mchezaji anayefanya hivyo hana sababu ya kuogopa kumpoteza yeyote, na macca zake zitumike hapo kabla ya kitu kingine chochote dukani.

Sasa tusikilize wanaopinga. Wa kwanza atasema kwamba yeye alishinda kwa kupandisha levo tu, na kwamba katika ya tano hasa levo ina nguvu kubwa, kwa sababu adui anayekuzidi levo kadhaa anakupiga vibaya huku mapigo yako yakimgusa kidogo. Ni kweli, na sitaki kuipuuza. Ya tano imeweka uzito kwenye tofauti ya levo kuliko matoleo mengine, na kwenda kupigana na bosi anayekuzidi sana ni kujitafutia msiba. Lakini angalia levo inakupa nini. Inakufungulia mapepo wapya wa kuunganisha, kwa kuwa ndiyo dari ya kila unachoweza kuunda. Mchezaji anayekaa sehemu moja akiua maadui dhaifu kwa saa nyingi anainua dari hiyo bila kuitumia. Anayefanya kazi ndogondogo za wahusika wa pembeni anapata levo zilezile njiani, pamoja na zawadi na mapepo wapya, na kila anapopanda levo mbili au tatu anarudi kuunganisha. Wote wawili watafika. Wa pili atafika mapema, na hatakuwa amechoshwa na gemu.

Wa pili atapinga kwa moyo, na pingamizi lake nalichukulia kwa uzito zaidi. Atasema: nimempenda pepo huyu, kwa nini nimtoe kafara? Gemu inayomlazimisha mtu kutupa wenzake ina ladha gani? Jibu bora limo ndani ya Nocturne yenyewe. Pepo wa kwanza kujiunga nawe humo ni Pixie, kijimtu chenye mbawa unachokutana nacho hospitalini mwanzoni kabisa. Mkifika Yoyogi Park anakuuliza kama sasa muachane, na ukimkatalia anabaki. Mwisho wa safari ndefu ya Labyrinth of Amala, mahali ambapo wengi hawafiki, mchezaji aliyebaki naye hurudishiwa Pixie mwenye nguvu za kutisha. Kwa haraka utaona kwamba gemu imempa zawadi mwenye kung'ang'ania. Lakini mlango ule unamtambua pia aliyemuunganisha Pixie wake, akauunganisha uzao wake na mwingine, na mwingine tena, alimradi uzao wa mwisho uko kikosini. Kwa macho ya watengenezaji, aliyeunganishwa hakutupwa. Yumo ndani ya anayefuata. Ukiwa na mapenzi na pepo, hiyo ndiyo njia ya kuyaendeleza: mrithishe uchawi wake ulioupenda. Kocha anayempumzisha mshambuliaji wake kwa sababu wapinzani wa leo wana mabeki warefu hajamchukia mchezaji huyo.

Wa tatu anatoka upande wa Persona. Persona 3 ya mwaka 2006, ya nne ya 2008 na ya tano ya 2016 zimeleta wachezaji wengi kuliko matoleo makuu, na mtu aliyeanzia huko ataniambia kwamba raha yote ni kushikamana na wenzako, kula nao, kuwasikiliza shida zao. Sawa kabisa, lakini atazame anashikamana na nani. Marafiki zake ni binadamu na nguvu zao zimefungwa kwao. Persona anazobeba yeye mwenyewe, ambazo ndizo mapepo ya huko, anaziunganisha Velvet Room, chumba chao cha kuunganishia, usiku na mchana bila huruma, na urafiki unaoimarika unazipa persona mpya nguvu ya kuanzia. Persona imechukua kitu kimoja na kukigawa sehemu mbili: watu wa kukaa nao na mapepo ya kubadilisha. Matoleo makuu hayakupi faraja hiyo hata kwa watu. Katika gemu ya 1992 una marafiki wawili. Mmoja anaelekea upande wa Sheria, mwingine upande wa Vurugu, na ukiendelea na njia ya katikati unalazimika kupigana nao wote wawili. Katika Nocturne, Chiaki na Isamu, wanafunzi wenzako, kila mmoja anajenga wazo lake la dunia mpya na kuwa mpinzani wako. Ushauri wangu kuhusu miisho ya hadithi ni mfupi: usitafute orodha ya majibu yanayoleta mwisho fulani kabla hujamaliza mara ya kwanza. Jibu unachokiamini unapoulizwa.

Kuna pingamizi moja la kidini ambalo msomaji wa Kiswahili, Mwislamu au Mkristo, ana haki ya kujibiwa waziwazi. Gemu hizi zinaweka kwenye daraja moja malaika, majini, miungu ya India, Misri na Japani, na mashetani. Katika Nocturne wamo jini na ifriti wanaoweza kuandikishwa kama wengine, na malaika wakuu huonekana mara kwa mara kama watawala wagumu wanaopaswa kupingwa. Shin Megami Tensei II inamaliza kwa pambano dhidi ya YHVH, jina la Mungu wa Biblia. Hii si gemu inayofundisha kuabudu wala kuagua. Mapepo humu ni maarifa ya ngano za mataifa yaliyogeuzwa kuwa vipande vya mchezo, na yametengenezwa katika nchi ambako madhehebu ya Shinto na Ubudha yamezoea kuwa na viumbe wengi wa ulimwengu usioonekana. Hata hivyo, mtu anayeona kwamba kumweka Mungu wake katika nafasi ya adui ni kuvuka mpaka hajakosea kusoma; ndivyo ilivyoandikwa. Kwake, na kwa mzazi anayechagua kwa niaba ya mtoto, naelekeza kwenye Metaphor: ReFantazio ya mwaka 2024, iliyotengenezwa na Atlus hiyohiyo. Dunia yake ni ya kubuni, hakuna mapepo ya dini yoyote ya kuita, na hesabu ya alama za zamu imebaki. Badala ya kuunganisha, unabadilisha taaluma za wapiganaji kulingana na adui, kwa hiyo somo ni lilelile.

Kuhusu kuzungumza na mapepo ili wajiunge nawe, sina mengi. Wanadai macca, dawa, au sehemu ya uhai wako, halafu wanakuuliza swali ambalo jibu lake hutegemea tabia ya pepo husika. Wengine watachukua vyote na kukimbia, na hilo halina maana umekosea. Katika matoleo yenye mwezi, au mwanga wa Kagutsuchi unaoshika nafasi yake katika Nocturne, mwezi ukiwa umejaa, mapepo hawaelewani na mtu; subiri upungue. Usimfuate pepo mmoja kwa saa nzima: chukua yeyote anayekubali, kwa sababu wengi wao utawahitaji kama malighafi tu. Maandishi yote ni ya Kiingereza au lugha nyingine kubwa, na mazungumzo haya yamejaa utani na vitendawili, kwa hiyo anayesoma Kiingereza kwa shida ataipata kazi hapa kuliko kwenye mapigano.

Kwa anayeanza leo, chaguo langu ni Shin Megami Tensei V: Vengeance ya Juni 2024. Inapatikana kwa kompyuta, Switch, PlayStation na Xbox, inakuruhusu kuhifadhi mchezo karibu popote, na ina njia mbili za hadithi. Ukiwa na nafasi ya kucheza mara moja tu, chukua ile mpya. Nocturne ni kazi bora zaidi kisanaa, kwa maoni yangu, lakini ni kali kwa mgeni: mhusika wako akifa, gemu imekwisha hata kama mapepo wako watatu wamesimama, na uchawi wa mauti unaweza kumpata mahali ulipokuwa ukitembea tu. Ukiamua kuanza nayo, usione haya kutumia kiwango chepesi kinachoitwa Merciful. Hesabu za zamu hazibadiliki humo, na hizo ndizo ulizokuja kujifunza.

Katika ya tano mtihani wa kwanza ni Hydra, chini ya mnara wa Tokyo katika eneo la Minato. Ukiuona mnara, usiende moja kwa moja. Rudi mahali pa kuhifadhia mchezo, ingia chumba cha kuunganishia, na usajili kila pepo uliye naye. Hydra anaogopa moto, basi tafuta mapepo wawili wenye Agi, uchawi wa moto, au wanaoweza kuirithi, na mpe hata mhusika wako uchawi wa moto kupitia asili za mapepo, zile ambazo mapepo hukuachia wanapopanda levo. Mmoja abaki wa tiba. Mmoja kati ya hao watatu awe pia na Tarunda au Rakunda. Toa yeyote ambaye hana kazi kati ya hizo, hata kama ndiye uliyetoka naye tangu mwanzo. Hydra akishaanguka, pitia kikosi kile upya kabla ya kuondoka Minato: waliomaliza kujifunza waunganishe, na wenye moto wasibaki wote kwa sababu tu walikuletea ushindi, maana eneo linalofuata lina maadui wengine wenye hofu nyingine.